Solo, Ridhimu na Besi kwa Piki Moja

Mjomba alisikiliza rekodi yangu mara mbili, kisha akanirudishia ujumbe wa sauti wa sekunde sita: "Nimesikia, baba. Umepiga vizuri. Sasa wale wengine wako wapi?"

Wengine gani? Nilikuwa peke yangu ndani ya lori, kwenye kituo cha malori kando ya barabara ya I-81, kusini magharibi mwa Virginia, saa tano usiku. Nyuma yangu kulikuwa na tani kadhaa za karatasi za chooni zinazoelekea Pennsylvania. Mapajani nilikuwa na gitaa nililolinunua dola 120 kwenye duka la rehani. Nilidhani mjomba ameanza kusahau-sahau. Nikamjibu: "Mjomba, niko peke yangu hapa." Akajibu kwa herufi kubwa, maana hajawahi kujua namna ya kuziondoa kwenye simu yake: "NDIYO NASIKIA HIVYO."

Ilinichukua siku mbili barabarani kuelewa. Kwetu, ukiongea habari za gitaa, unaongea habari za watu watatu. Kuna wa solo, kuna wa ridhimu, kuna wa besi. Bendi ikipanda jukwaani, hao ndio unaowatafuta kwa macho kabla ya mwimbaji. Na wazee waliopiga gitaa kavu peke yao, wale wa Kisa, Butere na Khwisero, magharibi mwa Kenya, waliofuata nyayo za marehemu George Mukabi, sifa yao ilikuwa kwamba mtu mmoja alitosha kuwa watatu. Kidole gumba kilibeba besi, kidole cha shahada kikaimba kwenye nyuzi nyembamba, na ridhimu ikajitokeza yenyewe katikati ya hivyo viwili. Labda na kijana pembeni akikwaruza chupa ya Fanta kwa kijiti cha chuma. Mtindo wenyewe unaitwa omutibo. Mjomba aliupiga kwenye matanga na harusi kwa miaka mingi, na kapo yake, kile kibanio cha nyuzi cha kupandisha sauti, ilikuwa penseli iliyofungwa shingoni mwa gitaa kwa mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya baisikeli. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Kwa hiyo alipouliza wengine wako wapi, alikuwa ananiambia kwamba nimemtumia solo tupu.

Wimbo niliokuwa ninajifunza unaitwa "Wildwood Flower". Huku milimani kila anayeshika gitaa huupitia, kama vile watoto wa kwetu wote walivyopitia kinanda cha kanisa kwa vidole viwili. Muziki wake ulitungwa na Joseph Philbrick Webster na ukachapishwa mwaka 1860 kwa jina jingine kabisa. Ulikuwa wimbo wa sebuleni, wa watu wenye piano. Halafu ukapanda milimani, ukaishi midomoni mwa watu karibu miaka 70, hadi Mei 1928, kule Camden, New Jersey, ambapo familia ya Carter kutoka Virginia iliurekodi. Sara Carter aliimba. Gitaa lilipigwa na Maybelle Carter, ambaye mwezi huo huo alikuwa anatimiza miaka 19.

Maneno yalikuwa yameharibika njiani. Ni msichana aliyeachwa na mpenzi wake, anajipamba nywele kwa maua huku akijiapiza kwamba atacheka na kucheza kana kwamba hakuna kitu. Katika ile orodha ya maua kuna moja ambalo hata kwenye karatasi ya 1860 lina jina lisilojulikana na wataalamu wa mimea, na kufikia 1928 hata hilo jina lilikuwa limeyeyuka, limebaki fungu la maneno lisilo na maana yoyote. Sara aliliimba bila kusita. Mimi nalipenda sana hilo ua. Nimeimba nyimbo za kwetu tangu utotoni zenye maneno ambayo hata bibi hakuweza kunifafanulia, na hakuna aliyewahi kusimamisha ngoma kwa ajili hiyo.

Turudi kwa gitaa, maana hapo ndipo nilipoteseka.

Maybelle alipiga kinyume cha mjomba. Kidole chake gumba ndicho kilichoimba, tena kwenye nyuzi nene, kule ambako mjomba aliweka besi. Kidole cha shahada kikafagia nyuzi nyembamba juu-chini kujaza ridhimu. Solo iko ghorofa ya chini, ridhimu ghorofa ya juu. Mara ya kwanza niliposikiliza kwa makini, nikiwa nimefunga macho kwenye kitanda cha nyuma ya kiti, nilihisi kama mtu aliyeingia nyumba anayoijua akakuta jikoni pamekuwa chumba cha kulala.

Na mimi sikutaka kuupiga kwa vidole. Nilitaka kuupiga kwa piki, kile kipande cha plastiki cha pembetatu, kama wafanyavyo wapigaji wa huku wanaoitwa wa flatpicking. Sababu yangu haikuwa ya maana sana: kucha yangu ya shahada huvunjika kila ninapofunga mikanda ya mizigo. Lakini pia nilikuwa nimemsikia Doc Watson. Huyu alikuwa kipofu tangu utotoni, mtu wa Deep Gap, North Carolina, aliyezaliwa 1923 na kufariki 2012. Miaka ya 1950 alikuwa akipiga gitaa la umeme kwenye bendi ya dansi isiyokuwa na mpiga fidla. Watu walikuja kucheza na walitaka nyimbo za fidla, kwa hiyo ikabidi azipige yeye kwa piki, noti kwa noti, kwa kasi ileile ya upinde. Baadaye akahamishia kazi hiyo kwenye gitaa kavu, na magitaa ya kusindikiza tu yakapata mahali pa mbele. Ukimsikiliza unadhani piki yake imepakwa mafuta.

Shida ya piki ni kwamba ina ncha moja. Vidole viwili vinaweza kugawana kazi, mmoja huku mwingine kule. Piki inabidi iruke. Ngoja nieleze mstari wa kwanza tu, utaona mwenyewe. Unashika kodi ya C, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja (kodi hii haina uhusiano na ile ya serikali, ingawa nayo inauma vidole). Unaanza uzi wa nne, ukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa: freti ya pili, freti ya tatu, yaani vile vyuma vya shingoni mwa gitaa. Kisha uzi wa tatu ukiwa wazi, na hapohapo unafagia nyuzi nyembamba, chini-juu, *cha-ka*. Uzi wa tatu tena, freti ya pili. Uzi wa pili, freti ya kwanza, *cha-ka*. Hadi hapo unapanda ngazi kwa raha zako. Halafu wimbo unakuangusha ghafla: kutoka uzi wa pili unatakiwa kutua uzi wa nne, freti ya pili, ukiruka uzi wa tatu bila kuugusa, na mkono wako ndiyo kwanza unatoka kufagia upande mwingine kabisa. Hutazami. Ukitazama umechelewa.

Nilianguka kwenye ule mruko kwa wiki tano. Ninazihesabu kwa safari: Knoxville hadi Harrisburg mara tisa, na mara zote tisa piki yangu ikatua uzi wa tatu.

Nifanye nini? Nikafanya wanachofanya wote wenye haraka. Nikaacha kufagia. Nikapiga zile noti za wimbo peke yake, safi, na bila yale mafagio mruko ukawa rahisi, maana mkono haukuwa na safari ndefu. Nikaongeza kasi. Nikajisikia fundi. Nikarekodi, nikamtumia mjomba.

*Sasa wale wengine wako wapi?*

Sheria ya barabara huku inaniruhusu kuendesha kwa muda wa saa 11, kisha lazima nipumzike kwa saa 10 mfululizo, na kifaa kilichounganishwa na injini kinahesabu kila dakika. Hakuna cha kumbembeleza. Wenzangu wengi hulalamikia zile saa 10. Mimi ndizo zilizonifundisha gitaa. Ukishalala saa sita na kuoga, zinabaki kama tatu hivi, uko kwenye sehemu ya kuegesha katikati ya malori mia, injini za jokofu zinanguruma usiku kucha. Nani atakusikia ukikosea?

Kwa hiyo nilianza upya, safari hii kwa kufagia kwanza. Nilifunga nyuzi zote kwa mkono wa kushoto zisitoe sauti, nikaacha mkono wa kulia utembee tu: chini, chini-juu, chini, chini-juu. *Ndu, cha-ka, ndu, cha-ka.* Hakuna wimbo. Dakika ishirini kila siku, kama mtu anayepepeta mtama bila mtama. Mama anapopepeta, ungo hausimami ili yeye aokote jiwe. Jiwe linaokotwa ungo ukiwa unaenda. Mkono wa piki ni hivyo hivyo. Unapita pale pale kila mara, chini kwenye pigo na juu katikati ya mapigo, na noti unaziokota unapopita. Nilipoacha kuufikiria ule mruko kama mruko, nikauchukua kama mkono unaorudi ulikotoka, piki ikaanza kutua uzi wa nne. Si mara zote. Mara saba kati ya kumi, nane nikiwa nimekunywa kahawa.

Majira ya baridi ya mwaka huo niliharibu gitaa. Kosa langu mwenyewe. Nje kulikuwa na barafu, ndani nikawasha hita usiku kucha, na hewa ya hita hukausha mbao kama samaki wa Kisumu. Alfajiri nikasikia *pa!*, nikadhani kioo. Kumbe ni uso wa gitaa umepasuka kutoka kwenye daraja la nyuzi hadi ukingoni, ufa mwembamba wa urefu wa kidole. Fundi mmoja wa Roanoke aliugundisha, akaniambia niweke sifongo lenye unyevu ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa matundu, kikae na gitaa ndani ya mfuko wake. Linalia vizuri hata sasa, ila sauti ya uzi wa tano imekuwa na mkwaruzo kidogo. Mjomba anasema sasa ndiyo linafanana na gitaa.

I-81 inapita Bristol, mji uliokatwa na mpaka wa Tennessee na Virginia katikati ya barabara yake kuu, State Street. Mara moja, nikiwa na mapumziko ya saa 34, niliacha trela nikaenda kutembea pale. Ukivuka barabara kununua soda umehama jimbo. Ni kwenye ghorofa ya jengo moja la mtaa huo, lililokuwa la kampuni ya kofia, ambapo Ralph Peer, mtayarishaji wa santuri, alifunga mitambo yake ya kurekodi mwishoni mwa Julai 1927. Familia ya Carter ilitoka bonde la Poor Valley kwa gari, Maybelle akiwa na mimba kubwa. Bintiye Helen alizaliwa Septemba. Walirekodi tarehe 1 na 2 Agosti. Tarehe 4 akaingia mwimbaji kijana mwembamba kutoka Mississippi, Jimmie Rodgers.

Kwa huyo Jimmie Rodgers nilicheka peke yangu barabarani, watu wakanitazama. Maana mimi jina lake nililijua kwanza kwa Kikipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, kule Kenya, na mashine yake, akarekodi wasichana wakimwimbia mtu anayeitwa Chemirocha. Santuri za Rodgers zilikuwa zimefika huko na gramafoni, na Jimmie Rodgers kwa masikio ya Kipsigis ni Chemirocha. Katika wimbo wao amekuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, wanamwalika acheze. Rodgers mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1933, hakuwahi kujua. Nilisimama pale Bristol nikawaza: ua lisilokuwepo na paa asiyekuwepo, wote wametoka kwenye santuri za watu waliopita mtaa huu ndani ya wiki moja.

Wapo wanaousimulia muziki huu kana kwamba ni wa wazungu wa milimani peke yao, haujaguswa na mtu. Si kweli, na milima yenyewe inajua. A.P. Carter, mume wa Sara, alizunguka kukusanya nyimbo akiwa na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi aliyekuwa amepoteza mguu kwenye ajali ya kiwanda cha saruji. A.P. aliandika maneno, Riddle akashika sauti kichwani, kwa sababu sauti haiandikiki haraka hivyo. Waliporudi nyumbani Maybelle alikaa akamtazama vidole. Baadaye Maybelle mwenyewe alilisema wazi.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Kuna mji mdogo karibu na Abingdon ambako jioni moja kwa wiki watu hukusanyika ukumbini na ala zao, wanakaa duara. Wimbo unazunguka, anayeongoza akikutikisia kichwa, zamu yako, unapiga solo mzunguko mmoja, kisha unarudi kwenye kodi na kumwachia mwingine. Nilikaa wiki ya kwanza bila kutoa gitaa. Ya pili wakauliza ninaujua upi. Nikasema huo huo mmoja.

Nilipotikisiwa kichwa nilianza vizuri. Ule mruko niliutua. Mstari wa pili pia. Mstari wa tatu wimbo unapanda hadi nyuzi nyembamba, kodi ya F inaingia, nikaupanda nao, mikono ikitoka jasho. Na mwisho wa kila mstari nilikuwa ninasubiri kidogo kama nilivyosikia kwenye santuri. Carter hawakuwa watumwa wa kuhesabu mapigo. Sara akitaka kuvuta neno, gitaa linamngoja. Nilikuwa nimekariri kila kusubiri kwake. Kufika mstari wa nne nikagundua duara zima limeshamaliza, wanazungusha kodi ya C taratibu kama watu wanaomngoja mtoto afunge viatu.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye fidla, wa miaka sabini na kitu, akainama upande wangu.

"Umejifunzia kwenye santuri?"

"Ndiyo, mama."

"Basi umeifuata santuri. Sisi tunamfuata yule." Akaelekeza upinde wake kwa mzee aliyesimama nyuma ya besi kubwa la mbao, mtu ambaye jioni nzima hakuwa amesema neno, kofia imemfika nyusini, anagonga noti mbili tu, ya kwanza na ya tano za kodi, moja-tano, moja-tano.

Nilitaka kumpigia mjomba simu pale pale. Kumbe wa besi yuko duniani kote, na duniani kote hasemi.

Usiku ule nilimtumia mjomba ile rekodi ya 1928 yenyewe, kitu ambacho sijui kwa nini sikufanya tangu mwanzo. Siku tatu kimya. Nikadhani hana bando. Ya nne ikaja rekodi ya dakika mbili na nusu. Kwanza kuku. Kisha sauti ya mjomba ikimwambia mtu, "We, shika chupa." Kisha gitaa.

Alikuwa ameugeuza wote. Solo ya Maybelle ameitoa kule chini akaipandisha kwenye nyuzi nyembamba kwa kidole cha shahada, na gumba limeingia na besi inayotembea yenyewe, haijali kinachosemwa juu. Chupa inakwaruza, *cheki-cheki*. Mwisho wa mstari, pale Sara anapovuta, mjomba havuti. Anajaza kwa kidondoo kidogo cha noti za kushuka ambacho ni cha omutibo kabisa, ungekisikia kwenye matanga yoyote ya Khwisero miaka ya sitini. Kwenye mstari wa tatu aliukosa kidogo, akacheka, akaendelea.

Baada ya muziki akauliza, "Huyu mama wa gitaa ni wa wapi?"

Nikamwambia.

"Na gumba hilo alifundishwa na nani?"

Nikamweleza kwamba lile gumba lilikuwa lake mwenyewe, ila mengine aliyachota kwa Riddle, nikamsimulia habari za mguu na kiwanda cha saruji, na wimbo uliobebwa kichwani. Akanyamaza muda mrefu kidogo. "Haya," akasema. "Sasa tuma wako tena. Polepole. Usitume ukiwa na haraka ya mzigo."

Nimeutuma Jumapili iliyopita, kutoka sehemu ya kupumzikia karibu na Wytheville, nikiwa nimezima hita na kuvaa jaketi mbili. Niliupiga kwa mwendo wa mtu anayepanda Clinch Mountain na furushi. Mruko wa kwanza nikautua, wa pili nikaugusa uzi wa tatu kidogo, nikaendelea. Kile kidondoo chake cha kushuka kimeniingia vidoleni sasa, nikajikuta nakipiga mwishoni mwa mstari wa nne kwa piki, mahali ambapo mtu wa Virginia hangekiweka.

Alama mbili za bluu zikatokea. Nikasubiri. Kwao ilikuwa alfajiri.

"Sasa nasikia wawili," akajibu. "Wa tatu bado yuko njiani."